Tela Alilolinyanyua Mama

Karibu na ninapofanyia kazi siku hizi kuna karakana ya kuchomelea vyuma, na kila mafundi wanapopaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mimi husimama. Husimama kweli, katikati ya njia, mkoba begani, watu wakinikwepa na kuguna. Harufu ile huchoma puani kidogo, kisha huniteremsha taratibu mpaka umri wa kung'oka meno, nimekaa juu ya gogo nyuma ya nyumba yetu ya Kibeta, miguu haifiki chini, na baba yangu ameinama juu ya kitu kirefu chekundu kilicholala kati ya migomba.

Wenzangu mliokulia Bukoba mnaujua ukungu unaopanda kutoka ziwani asubuhi, ule unaoifanya migomba ya jirani ionekane kama watu waliosimama kusikiliza mambo ya wenzao. Katika kumbukumbu yangu msimu ule wote umo ndani ya ukungu huo. Mambo mengine nina hakika yalitokea. Mengine huenda niliyaota tu, na sina tena mtu wa kumwuliza yapi ni yapi, kwa hiyo nimeyaacha yakae pamoja.

Baba alikuwa seremala. Tulimwita Tata, kama Wahaya wote wanavyowaita baba zao, na kama mwanaume mwingine yeyote wa heshima anavyoitwa Ta. Alitengeneza vitanda, milango na makabati, na alikuwa na tabia ya kuushika mlango wa mtu yeyote tuliyemtembelea, akaufungua na kuufunga taratibu kabla hajasalimia vizuri. Mama alishona nguo kwa cherehani barazani. Watoto tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Kemilembe, wasichana wote. Wakati ule sikujua kwamba hilo la kuwa wasichana wote lilikuwa habari.

Siku moja tulikwenda ufukweni mjini na tukaona Wazungu wawili wazee wamekaa mbele ya nyumba ndogo nyeupe iliyofungwa nyuma ya gari. Nyumba ilikuwa na dirisha, na dirisha lilikuwa na pazia. Mzee wa kike alitoka ndani na birika la chai. Kemilembe alicheka mpaka akakwama pumzi. Tata hakucheka. Aliizunguka ile nyumba kwa mbali, mikono nyuma, akachuchumaa akatazama chini yake kwa muda mrefu, akarudi kwetu na kumwambia mama, "Mimi nitakujengea hiyo."

"Ya nini?" mama aliuliza. "Nyumba si ninayo?"

 Tata alikohoa, akasema vumbi la mbao limemkaa kifuani.

Nilijijibia mwenyewe, kwa akili zangu zote za darasa la pili. Tunakwenda kutalii! Tutalala Rubafu, tutalala Muleba, tutaamka mahali ambapo hakuna anayejua kwamba jana sikuoga. Usiku niliiota nyumba ile inaelea juu ya migomba, mama ndani yake anachemsha chai, na sisi tunawapungia mkono wenzetu wanaokwenda shule. Niliwatangazia darasani. Wakanicheka, nikawahurumia.

Lakini Tata alijua mbao, vyuma hakuvijua, na nyumba ya namna ile huanzia chini. Alihitaji fremu ya tela: vyuma vyake virefu, ekseli, magurudumu na shingo ya kufungia gari. Kuchomelewa mpya lilikuwa jambo la watu wenye pesa. Basi tukaanza kutafuta la zamani, na kwa sababu ilikuwa likizo, nilikwenda naye kila mahali. Mama naye alilazimika kuja kila mara, jambo lililomuudhi kwa sababu ya nguo za watu.

La kwanza lilikuwa Kagondo, katika shamba la mtu aliyewahi kuwa na trekta. Trekta lilishauzwa, tela likabaki, limezungukwa na magugu. Nililipenda mara moja. Lilikuwa pana, limejaa nguvu, na magurudumu yalinizidi kimo. Mwenyewe alilipiga teke kwa kiburi, akasema tela lile limebeba kahawa ya kata nzima na halijawahi kulalamika. Bei alikuwa tayari kushuka, maana mkewe alitaka mahali pale apande maharage.

Tata alilizunguka, akagonga, akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwambia mama, "Hebu nyanyua hiyo shingo."

"Mimi?"

"Wewe."

Mama alifunga kanga vizuri, akainama, akavuta. Tela halikujua hata kama kuna mtu. Mwenye tela akaanza kucheka. "Ta, hii kazi ya trekta unampa mwanamke? Mimi na wewe tukishirikiana, na vijana wawili, linanyanyuka!"

"Najua," Tata alisema. "Wakora, asante sana. Hili halitufai."

Nilikaribia kulia. Njiani nilimwambia lilikuwa zuri, lilikuwa na nguvu, lisingevunjika hata lipite wapi. Alinishika kichwa. "Na nani atalivuta, Koku? Tela la trekta linataka trekta. Ukiwa huna trekta unakaa palepale ulipo." Niliona hoja hiyo ni ya mtu mvivu. Nilijua pia kwamba siku hizo Tata alichoka haraka, alikaa chini kila baada ya mwendo mfupi, na nikadhani ndiyo maana kazi ya kunyanyua anamtupia mama.

La pili lilikuwa gereji mjini, nusu ya nyuma ya pikapu iliyokatwa. Hili lilikuwa rahisi kuliko yote, ekseli nzima, matairi ya kuridhisha, na mama alipoinua sehemu ya mbele ilipanda mpaka kwenye magoti. Fundi alishaanza kutuita wateja wake. Lakini Tata alitoa kamba mfukoni, akaivuta kutoka pembe ya mbele kushoto mpaka pembe ya nyuma kulia, akaweka alama kwa kidole, akapima pembe mbili zilizobaki. Kamba haikufika. Ndivyo alivyopima fremu za milango maisha yake yote.

"Imepinda," alisema.

"Kidogo tu, mzee wangu. Tunaipasha moto, tunainyoosha, huoni kitu."

"Iligongwa?"

Fundi alijikuna shingo. "Gari gani halijagongwa?"

Tata aliiweka kamba mfukoni. Alisema ukijenga juu ya fremu iliyopinda, mlango utakuwa unajifungua wenyewe, na yeye hawezi kumwachia mtu mlango unaojifungua wenyewe. Nilimsikia vizuri aliposema kumwachia. Sikujiuliza anamwachia nani. Mtoto husikia kila kitu, ila kupanga ndiko humshinda.

La tatu tulilifuata Muleba, ufukweni, kwa mchuuzi wa samaki aliyeitwa Ta Simoni, mtu mnene mwenye sauti ya kuita boti. Alikuwa na tela alilotumia kubebea boti mpya kutoka kwa mafundi mpaka majini. Alishapata kubwa zaidi, hili akalitelekeza nyuma ya kibanda cha dagaa, nyasi zikaota katikati yake. Nilipoliona nilivunjika moyo kabisa. Lilikuwa jembamba, refu, limeliwa na kutu, kama mifupa ya sato mtu anapomaliza kula. Lilinuka dagaa. Nyumba ya pazia juu ya kitu kile? Nilimtazama mama nione kama naye ameaibika.

Tata alilala chini yake kabisa, kwenye mchanga, na shati lake safi. Aligonga kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, akisikiliza. Palipoitika kwa sauti ya kengele alipita. Palipoitika kwa sauti nzito alikwaruza kwa patasi mpaka kutu ikadondoka na tukaona chuma kilichobaki. Sehemu moja ya nyuma patasi ilipenya. "Hapa pamekufa," alisema, na Ta Simoni akakubali bila ubishi, akashusha bei papo hapo. Kwingine kote kutu ilikuwa ya juu juu. Kamba ya pembe kwa pembe ilifika barabara. Halafu mama akainama, akashika shingo ya tela, akavuta akitegemea uzito aliouzoea, na tela likaruka mikononi mwake mpaka akarudi nyuma hatua na kucheka. Alisimama pale, tela limepanda kiunoni mwake, mikono miwili tu, anacheka na ziwa lote nyuma yake likimeta.

Sijawahi kumwona mwanaume akimtazama mke wake namna Tata alivyomtazama mama siku ile. Niliona haya nikageukia samaki.

Upande wetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani na kukaushwa. Na watu wa zamani hawasemi biashara imekwisha mpaka aliyenunua ametafuna kahawa ya aliyeuza, watu wakiona. Ta Simoni aliita wavuvi wawili waliokuwa wakishona nyavu, akaleta kahawa kwenye kipande cha jani la mgomba, akamnyooshea Tata. Tata akausukuma mkono wake taratibu kuelekea kwa mama.

"Mpe huyu."

"Waitu, bwana, anayenunua si wewe?"

"Mpe huyu atafune."

"Kwani wewe huna meno?" Wavuvi wakacheka.

"Meno yangu yamechoka," Tata alisema, akacheka nao.

Mama alisita, akamtazama, akachukua, akatafuna. Na mimi nikamwonea huruma baba yangu kwa kuumwa meno. Nilimhurumia hasa. Jioni ile nilimpondea viazi vyangu kwa kijiko ili asipate tabu, akavila vyote, macho yamemjaa maji. Nikajua kweli meno yanamuuma.

Tela lilikuja Kibeta likivutwa na pikapu ya mtu wa ndizi, bila shida yoyote. Fundi wa kuchomelea alikata palipokufa akaweka chuma kipya, wakalipaka rangi nyekundu, na Tata akaanza kujenga. Alijenga polepole. Siku nyingine alipigilia ubao mmoja tu kisha akakaa. Alichagua mbao nyepesi, akazipima mkononi moja moja, na mama alipomwambia kuta ni nyembamba mno alijibu kwamba nyumba hii baridi si adui yake, adui yake ni uzito. Alikata migomba kutoka pale mpaka barabarani, uchochoro mpana kabisa, mama akalalamika kwa ajili ya ndizi zilizokuwa bado changa. Sisi tulipafanya uwanja wa kukimbilia.

Majirani walikuja kutazama, na utani ulikuwa mwingi. Wengine waliuliza kama mke atavutwa na ng'ombe au na pikipiki. Baba mkubwa, kaka yake Tata, ndiye aliyecheka kuliko wote. Alikuwa akija baada ya misa ya Jumapili, anasimama na watu wake, anaonyesha kwa fimbo. "Hii ni nyumba? Nyumba ina msingi! Hiki ni kitundu cha kuku chenye matairi. Ndugu yangu, dawa za hospitali zimekupanda kichwani." Watu walicheka. Tata naye alicheka, akapigilia msumari mwingine. Nilimchukia baba mkubwa kwa ajili ya neno lile, kitundu cha kuku. Sikujua kwamba Tata alikuwa amefurahi kulisikia likisemwa mbele za watu.

Alimaliza kwa kuweka mlango. Aliufungua, akaufunga, akaufungua tena, akauacha wazi kidogo. Ukakaa palepale alipouacha. Akatabasamu, akaenda kulala. Hatukutalii. Alifariki kabla ya mvua kuanza, tukamzika kibanjani, katika shamba la migomba la ukoo, kama anavyozikwa mwana wa ukoo, kati ya baba yake na babu yake.

Nilipata kuelewa siku ukoo ulipokaa kikao, baada ya siku za matanga. Walikaa barazani, wanaume kwenye viti, mama kwenye mkeka. Nilikuwa nimemlalia mapajani na nilisikia yote. Kibanja ni cha ukoo. Nyumba imejengwa juu ya kibanja. Marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Kwa hiyo mrithi atakuwa kijana wa baba mkubwa, na mama, kwa huruma ya ukoo, anaweza kukaa kwanza mpaka mrithi atakapooa. Sheria ya serikali inasema vingine, wote walilijua hilo, na mama alilijua. Lakini alijua pia ni miaka mingapi watu huizeekea sheria hiyo mahakamani, huku shemeji anapita na panga mlangoni kila asubuhi akiuliza hali.

Mama aliitikia kila kitu. "Ndiyo, shemeji. Ndiyo, wazee." Mpaka mtu mmoja akauliza, "Na lile tela?"

"Nalo ni mali ya marehemu," baba mkubwa alisema.

Mama aliinua uso. "Kahawa ya lile tela niliitafuna mimi. Waulizeni Muleba. Wapo walioona."

 Mzee mmoja alivuta pumzi, akasema taratibu, "Eeh. Kama kahawa alitafuna yeye, ni lake." Na hapo, nikiwa nimelala mapajani, meno ya Tata yakaacha kuuma. Yaliacha ghafla, na mahali pake pakaja kitu ambacho sikuwa na jina lake bado, ila kilikuwa kizito.

Baba mkubwa hakukubali kushindwa na buni. "Tela ni lake, sawa. Lakini kilicho juu yake ni nyumba. Kajenga ndugu yangu, kwa mbao zake, ndani ya kibanja chetu. Nyumba ni ya ukoo."

"Shemeji," mama alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, "nyumba ya ukoo ina msingi. Nionyesheni msingi wake."

Mimi nilidhani wanauliza kweli. Niliona hakuna mtu mzima anayekwenda kutazama, nikainuka, nikakimbia nyuma ya nyumba, nikatambaa chini ya tela letu jekundu. Niliona kuku wawili. Niliona nyasi, na jua la upande wa pili likipita chini bila kuzuiwa na kitu. Nikarudi mbio, magoti yana udongo.

"Hakuna!" niliwaambia. "Nimeangalia mpaka mwisho. Hakuna msingi, kuna kuku tu."

Bibi mmoja wa ukoo aliyekuwa kimya tangu asubuhi alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika. Yule mzee wa kwanza akamgeukia baba mkubwa. "Wewe mwenyewe ulisema hapa, Jumapili, tukiwapo. Kitundu cha kuku. Leo kimekuwa nyumba?"  Baba mkubwa alitazama fimbo yake.

Tuliondoka asubuhi yenye ukungu. Mama aliamka mapema akatandika majani mabichi juu ya kaburi, akakaa nalo kidogo, akaja. Mtu wa ndizi alirudisha pikapu kinyumenyume kupitia ule uchochoro tuliokuwa tukikimbilia, na mama akainama mwenyewe, akanyanyua shingo ya tela, akaifunga kwenye gari. Vijana walikimbilia kumsaidia, akawazuia kwa kichwa. Cherehani lilikuwa ndani, na vyombo, na godoro. Kisha Kibeta ikaanza kurudi nyuma, Kemilembe akapunga mkono kama malkia, na kwa muda, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Nyumba ilikuwa inaelea. Tulipita Kemondo, ziwa likaonekana na kupotea na kuonekana, vilima vya Muleba vikaja kimoja kimoja na nyasi zao, na sikutaka tufike.

Tulifika. Ilikuwa kona ya kiwanja nyuma ya maduka, aliyoikodi mama kwa ajili ya cherehani lake. Dereva alizuia matairi kwa mawe, akatuombea heri, akaondoka. Mvua ndogo ilikuwa imeanza kupiga bati. Mama alitupanga kitandani, akaufunga mlango, akabaki amesimama na mkono juu yake.

Siku zote za msiba alikuwa amelia kama desturi inavyotaka. Alilia wageni wa mbali walipoingia, akanyamaza walipoletewa chakula, akajifunga kitambaa vizuri mawifi walipomtazama. Nilidhani amemaliza. Sasa aliteremka taratibu mpaka sakafuni, mgongo ukiegemea zile mbao nyembamba, akanyoosha miguu yake yote miwili, akaita jina la baba yangu. Aliliita kwa nguvu. Kemilembe aliogopa akanishika, nami nikamshika. Hakukuwa na mtu wa kubisha hodi, wala wa kumwambia basi inatosha. Alilia mpaka mvua ikamaliza, kama mtu aliye kwake.